Jogoo Mweupe na Vifaranga Wekundu: Somo la Kuchagua Wazazi wa Kuku



Katika mikutano ya vikundi vyetu hapa Kampala, kuanzia Katwe hadi Nsambya na Kabalagala, kuna swali moja la kuku linaloulizwa kuliko mengine. Si swali la dawa wala la chakula. Watu wanauliza: "Nifanye nini nipate kuku wa rangi ile?" Mmoja anataka weupe watupu, mwingine anataka wenye mistari, mwingine anataka kishingo kwa sababu amesikia kwamba kishingo havumi kwa joto. Somo hili ni jibu kwao. Ni refu kidogo, kwa hiyo lisome polepole, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Nianze na kisa kilichotokea kwetu.

KISA CHA MAMA WA KATWE

Mama mmoja, mkimbizi mwenzetu kutoka Kivu ya Kusini, anaishi Katwe na watoto wake wanne. Alikuwa na mitetea sita wa kienyeji, wekundu wanne na weusi wawili. Sokoni aliona kwamba kuku mweupe asiye na doa hata moja ana wateja wake, na wateja hao hawabishani sana juu ya bei. Wengine wanamtaka kwa mambo ya mila, wengine kwa zawadi. Mimi siingii katika sababu zao. Nasema tu kwamba wapo.

Ilipofika zamu yake ya likelemba, akachukua pesa ile yote akanunua jogoo mweupe, mrefu, miguu ya manjano, bila doa. Akaondoa jogoo wake wa zamani. Mitetea wakataga, wakaatamia, wakaangua. Vifaranga walikuwa zaidi ya thelathini. Hakuna mweupe hata mmoja. Wekundu, weusi, wa kahawia, basi.

Majirani wakaanza maneno. Wengine wakasema jogoo si mzima, wengine wakasema kuna mtu amemfanyia jambo. Mama akavumilia mpaka Krismasi, kisha akamuuza jogoo yule kwa bei ya chini ya aliyomnunulia. Vifaranga pia aliwauza walipokua, isipokuwa mitetea watatu na jogoo mmoja kijana, ambao walikuwa wadogo mno hata mnunuzi hakuwataka. Hao wanne wakabaki wakakua pamoja, wakazaana. Miezi ikapita, akaangua vifaranga kumi na mmoja. Watatu walikuwa weupe.

Akaja kwangu na kikapu, anacheka na huku analia. "Mwanangu," akaniambia, "jogoo wangu alikuwa mzima. Nimemuuza mwenyewe."

Alikuwa na haki ya kulia. Lakini kosa halikuwa lake, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Tuelezane sasa.

MBEGU MBILI KWA KILA KIFARANGA

Kila kifaranga hupokea mbegu mbili za kila jambo la mwili wake: moja kutoka kwa jogoo, na moja kutoka kwa mtetea. Wataalamu huziita jeni. Mbegu hizo hazina nguvu sawa. Kuna inayotawala na kuna inayojificha. Inayojificha haifi wala haipotei. Ni kama mtu aliyekaa kimya katika mkutano. Hujamsikia, lakini yumo ndani, na siku nyingine atasema.

Mitetea wa yule mama walikuwa na mbegu mbili za rangi kila mmoja. Jogoo alikuwa na mbegu mbili za weupe unaojificha. Kila kifaranga akapata moja ya rangi na moja ya weupe. Rangi ikatawala, wote wakaonekana wa rangi. Lakini kila mmoja wao, hata yule mwekundu kabisa, alibeba weupe ndani yake.

Ndugu hawa walipozaana, kila mmoja alitoa mbegu moja bila kuchagua: pengine ya rangi, pengine ya weupe. Kwa wastani, katika vifaranga wanne mmoja hupata weupe kutoka pande zote mbili, naye hutoka mweupe. Wawili hupata mchanganyiko, na mmoja hupata rangi tupu. Mama alipata watatu katika kumi na mmoja. Hesabu inakubali.

Kama angemtunza yule jogoo mweupe akamrudishia binti zake, angepata nusu ya vifaranga weupe, kwa maana baba hana cha kutoa ila weupe. Ndiyo sababu nasema aliuza mapema.

Jambo hili halikugunduliwa kwa kuku kwanza. Nilipokuwa sekondari kule Bukavu, mwalimu wetu wa biolojia alituchorea ubaoni njegere za Mendel, mtawa aliyeandika matokeo yake mwaka 1866. Mimi niliona ni mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson alionyesha kwamba kuku nao hufuata kanuni ile ile, kwa kutazama maumbo ya vilemba vya vichwani mwao. Sikujua kwamba siku moja nitazikumbuka njegere zile Katwe, mbele ya kikapu cha vifaranga.

Fanyeni jaribio hili katika kikundi. Chukueni makopo mawili. Katika kila kopo wekeni maharage mekundu ishirini na meupe ishirini, myachanganye. Kopo moja ni baba, jingine ni mama. Mtu afumbe macho, atoe punje moja katika kila kopo. Hizo mbili ni kifaranga mmoja. Kama kuna nyekundu hata moja, andikeni "mwekundu". Kama zote ni nyeupe, andikeni "mweupe". Rudisheni punje, tikiseni, mtoe tena, mpaka mfike vifaranga arobaini. Mtapata weupe kama kumi hivi. Pengine saba, pengine kumi na watatu. Halafu tazameni wanane wa kwanza peke yao: inawezekana kabisa hamna mweupe hata mmoja. Kwa hiyo mtetea akiangua wanane bila mweupe, usikate tamaa, wala usimtafute mchawi.

WEUPE SI WA AINA MOJA

Hapa watu wengi huchanganyikiwa. Upo weupe wa pili, ambao haujifichi bali hutawala. Kuku wa mayai meupe aina ya Leghorn wanao. Jogoo wa namna hiyo ukimpa mitetea weusi, vifaranga hutoka weupe mara moja, labda na madoa madogo meusi. Ukimpa mitetea wekundu, mara nyingi wekundu huvuja kidogo kifuani au mabawani, kwa sababu weupe huo hufuta rangi nyeusi vizuri kuliko nyekundu.

Je, utajuaje jogoo wako ni wa weupe gani? Kwa macho hutajua. Muuzaji naye hajui, hata akiapa. Njia ni moja: mpe mitetea wa rangi, utazame watoto. Wote wakitoka wa rangi, weupe wake ni ule unaojificha. Mtunze, subiri wajukuu. Wakitoka weupe, umepata unaotawala. Wakitoka nusu kwa nusu, basi jogoo wako ana mbegu moja tu ya weupe unaotawala, au mitetea wako walikuwa wamebeba weupe kimyakimya.

Kabla ya kukimbilia weupe, fikiri pia juu ya mwewe. Hapa mjini mwewe ni wengi, Waganda wanamwita kamunye, na hata teksi za abiria zimepewa jina hilo. Kifaranga mweupe kwenye udongo mwekundu wa Kampala anaonekana kutoka mbali sana. Wa kahawia mwenye mistari ya mgongoni hujificha vizuri zaidi. Anayefuga weupe awe na wavu juu ya banda kwa wiki za kwanza.

MTOTO WA KIKE HUFUATA BABA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa mtu wa mjini lina faida kuliko weupe. Wengi wetu tunapanga chumba kimoja au viwili, na banda liko nyuma ya nyumba, kuku kumi na tano au ishirini basi. Nusu ya vifaranga watakuwa majogoo. Watakula miezi mitatu kabla hujajua nani ni nani, kisha wataanza kupigana, na wakianza kuwika saa kumi ya usiku mwenye nyumba atakuja kugonga mlango. Kuna familia ninayoijua iliyohamishwa kwa ajili ya kelele za majogoo manne. Kama ungewajua majogoo siku ya kwanza, ungepanga mapema: hawa wa kuuza, hawa wa kubaki.

Rangi inaweza kukuambia. Tafuta mtetea wa mistari, yule mweusi aliyepitiwa na mistari myembamba myeupe, kama kuku wa Plymouth Rock. Mpe jogoo mwekundu asiye na mistari. Vifaranga wakikauka, watazame mchana kwenye mwanga. Wa kiume wana doa jeupe juu ya kichwa. Wa kike ni weusi, kichwani hawana doa. Wakikua, majogoo wanakuwa na mistari kama mama yao, na mitetea wanakuwa weusi, mara nyingi wana wekundu kidogo shingoni.

Sababu ni hii. Mbegu ya mistari hukaa mahali pamoja na mbegu zinazoamua kifaranga awe wa kiume au wa kike. Jogoo ana nafasi mbili za mahali hapo, mtetea ana moja tu. Nafasi yake hiyo moja mtetea huwapa watoto wa kiume. Binti zake hawapati. Kwa jambo hili binti hupokea kutoka kwa baba peke yake. Baba hana mistari, basi binti hana mistari.

Angalia usigeuze. Jogoo wa mistari kwa mitetea wekundu haitafanya kazi, kwa sababu jogoo aliye safi atawapa mistari watoto wote, wa kiume na wa kike. Lazima mistari iwe kwa mama. Na ni kwa kizazi kimoja tu: ukiwazalisha watoto wao kwa wao, alama inachanganyika na huwezi kuitegemea tena. Vilevile, kama mtetea wako wa mistari ni mchanganyiko na vifaranga wanatoka na rangi ya maziwa au ya kahawia, doa la kichwani halionekani vizuri. Mweusi ndiye anayelionyesha.

Huko Uingereza, kwenye Chuo Kikuu cha Cambridge, mabwana Punnett na Pease walitumia mistari hiyo hiyo kutengeneza, karibu na mwaka 1930, aina ya kuku waliyoiita Cambar, ambayo kila kizazi vifaranga wa kiume na wa kike hutofautiana kwa rangi tangu siku ya kuanguliwa. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Jogoo mmoja mwekundu na mitetea watatu wa mistari wanatosha kwa nyumba moja.

Nitoe neno dogo pembeni, kwa sababu liliulizwa na akina mama nilipofundisha somo hili. Kwa kuku, mama ndiye anayeamua kifaranga awe jogoo au mtetea. Kwa binadamu ni kinyume: mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe mvulana au msichana. Kwa hiyo mwanamume anayemfukuza mke kwa kuwa anazaa wasichana tu anamlaumu asiyehusika. Wanaume waliokuwepo walinyamaza kidogo, kisha mzee mmoja akasema, "Turudi kwa kuku." Turudi kwa kuku.

VIFARANGA WA NJANO WALIOUZWA KAMA WA MAYAI

Kuna rangi nyingine inayofuata njia hiyo hiyo, nayo ni ya dhahabu na fedha. Kuku wengi wa mayai ya kahawia wanaouzwa Kampala, kama wale wa ISA Brown, hutengenezwa kwa jogoo wa rangi ya dhahabu, yaani mwekundu, na mtetea wa rangi ya fedha, yaani mweupe-mweupe. Binti hufuata baba, wanaanguliwa wa rangi ya kahawia. Wa kiume wanaanguliwa wa njano iliyofifia. Kiwandani huwatenga kwa kuwatazama tu. Wa kahawia huuzwa kwa wafugaji wa mayai, na wa kiume hutolewa kwa bei ya chini kabisa.

Mwaka juzi mimi mwenyewe niliumizwa na jambo hili, na naliandika bila aibu ili lisimpate mwingine. Nilinunua vifaranga thelathini kwa mchuuzi wa kikapu. Aliniambia ni wa mayai ya kahawia. Walikuwa wa njano wote. Niliwalisha miezi minne, nikakopa chakula, nikiwangoja watage. Walichofanya ni kuwika. Mfuko wa tatu wa chakula niliulipa kwa kufua nguo za watu.

Ukiambiwa "hawa ni wa mayai ya kahawia" na kikapu chote ni cha njano, weka pesa zako mfukoni kwanza. Wanaweza kuwa majogoo, au wanaweza kuwa wa nyama. Kweli, wapo pia kuku wa mayai meupe ambao vifaranga wao wa kike ni wa njano, lakini huyo hakusema mayai meupe. Nunua kwa muuzaji mwenye duka na risiti, ambaye utamkuta wiki ijayo mahali pale pale.

KUROILER NA SWALI LA WATOTO WAO

Wengi mnawajua Kuroiler. Ni kuku waliotengenezwa India na kampuni ya Kegg Farms, wakaletwa Uganda karibu na mwaka 2010, na kufanyiwa majaribio kupitia kituo cha serikali cha uzalishaji wa mifugo kilichoko Entebbe, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona cha Marekani. Hukua haraka kuliko wa kienyeji, hutaga zaidi, na hujitafutia chakula uani. Na manyoya yao ni ya rangi nyingi. Hilo si bahati tu. Mnunuzi wa sokoni, Kalerwe au Nakasero, akiona kuku mweupe hudhani ni wa nyama wa banda. Akiona mwekundu mwenye madoa, moyo wake husema "huyu ni wa kienyeji" na hulipa zaidi.

Tatizo huanza pale mtu anapowazalisha Kuroiler wenyewe kwa wenyewe, akitegemea kupata Kuroiler wengine. Kuroiler ni chotara. Ubora wake unatokana na kukutana kwa wazazi wa koo tofauti. Watoto wake hugawana mbegu ovyo: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja anataga vizuri, mwingine hovyo. Rangi inaweza kufanana na ya mama kabisa, na uzito usifanane. Usinunue mayai ya kuangulia "ya Kuroiler" kutoka kwa jirani kwa bei ya kifaranga halisi. Ila ukimpandisha jogoo wa Kuroiler kwa mitetea wako wa kienyeji, kizazi cha kwanza mara nyingi huwa kikubwa kuliko mama zao, na hilo halina ubaya. Jua tu kwamba Kuroiler haatamii vizuri, na binti zake wanaweza kurithi uvivu huo. Mtetea wa kienyeji anayeatamia na kulea ni mashine yako ya kuangulia, usiwamalize wote.

KISHINGO NA KIDIMU

Kishingo ni yule asiye na manyoya shingoni. Mbegu yake hutawala, lakini si kabisa. Mwenye mbegu moja ana kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo, kwa chini. Mwenye mbegu mbili shingo ni tupu karibu yote, na mwilini pia manyoya ni machache. Kwa hiyo kishingo unaweza kumsoma kwa macho, tofauti na kuku mweupe. Ukimpandisha kishingo mwenye kishada na kuku wa kawaida, nusu ya vifaranga watakuwa vishingo. Kwa kuwa ana manyoya machache, joto humtoka upesi, na kwenye joto kali huendelea kula na kukua wakati wenzake wamepanua mabawa wakihema. Ndugu zetu wa Nakivale, kwenye jua lile la Isingiro, wangefaidika naye. Kwenye baridi za Kabale ningefikiri mara mbili, maana vifaranga wake huhitaji kupashwa moto zaidi.

Kidimu ni yule ambaye manyoya yamejipinda kuelekea nje kana kwamba amepitiwa na upepo kinyume. Naye ni wa mbegu inayotawala, lakini tahadhari: usipandishe kidimu kwa kidimu. Robo ya watoto hupata mbegu mbili, manyoya yao huwa dhaifu na hukatika mpaka kuku akabaki karibu uchi. Kidimu kwa kuku wa kawaida utapata nusu vidimu, wazima.

JOGOO WA JIRANI

Haya yote yanaharibiwa na jambo moja dogo, nalo ni jogoo wa jirani. Nyua zetu hazina kuta. Unapanga mistari na wekundu kwenye daftari, na jogoo wa nyumba ya pili amekwisha kupita alfajiri.

Tena mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi. Ukimwondoa jogoo wa zamani leo na kuleta mpya leo, mayai ya wiki ijayo bado yanaweza kuwa ya yule wa zamani. Kwa hiyo wafungie mitetea uliowachagua peke yao na jogoo wao, ungoje wiki tatu, ndipo uanze kukusanya mayai ya kuangulia. Mayai ya kabla ya hapo kula au uza. Mayai ya kuangulia yasikae zaidi ya wiki moja. Siku ishirini na moja baada ya kuatamiwa, utaona ulichopanda.

Vifaranga wafunge uzi wa rangi mguuni, kila mama na rangi yake, na uulegeze kila wiki wanavyokua usije ukakata mguu. Andika kwenye daftari: tarehe, mama, baba, waliotoka wangapi, rangi gani, waliofika miezi miwili wangapi. Ukweli ni kwamba hiyo namba ya mwisho ni muhimu kuliko rangi zote. Kuku mweupe aliyekufa kwa mdondo hana bei. Chanjo ya mdondo irudiwe kwa ratiba atakayokupa daktari wa mifugo. Mkichangia chupa moja watu kumi mnalipa kidogo, kwa sababu chupa moja ni ya kuku wengi.

Kuhusu kuzalisha baba na binti au kaka na dada: mara moja, kwa kutafuta rangi iliyojificha, inavumilika. Ukirudia kizazi baada ya kizazi, mayai yataacha kuanguliwa na vifaranga watadhoofu. Mkiwa majirani wawili mnaotafuta rangi moja, badilishaneni majogoo kila mwaka. Jogoo mmoja anatosha mitetea wanane hadi kumi, hakuna haja ya kila nyumba kuwa na wake, na mwenye nyumba naye atalala.

Sheria za mji pia zipo. Jiji la Kampala lilitunga sheria ndogo za mifugo mwaka 2006. Kabla hujajenga banda, muulize mwenyekiti wako wa LC1 na ofisi ya mifugo ya divisheni yako kuhusu kibali. Kuku wasilale chumba kimoja na watoto.

NANI ANABAKI, NANI ANAUZWA

Desemba ikifika, mnunuzi huja uani na kunyosha kidole kwa jogoo mkubwa kuliko wote. Familia zinazojiandaa kwa utambulisho wa Kiganda nazo hutafuta jogoo mzuri wa kumpa muko, kaka wa bibi harusi. Tunauza yule aliyekua haraka, kwa kuwa ndiye mwenye bei, na anayebaki kuwa baba wa mwaka ujao ni yule aliyekataliwa. Tukifanya hivyo miaka mitano, tunashangaa kwa nini kuku wetu wanazidi kuwa wadogo. Ni sisi tuliowachagua wawe wadogo.

Chagua jogoo wa mbegu mwezi wa kumi, kabla ya wanunuzi, umfunge uzi mwekundu, na watoto wote nyumbani wajue kwamba huyo hauzwi. Awe mtoto wa mama aliyetaga mayai mengi na kulea vifaranga mpaka wakakua. Tazama daftari, usitazame mkia. Ukiwa na wawili waliolingana kwa hayo, hapo ndipo chagua kwa rangi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Jogoo mwekundu na mtetea mwekundu wameangua vifaranga tisa, wawili ni weupe, na mume anasema jogoo wa jirani aliingia. Je, kuna maelezo mengine? Mngefanya nini ili kujua hakika?

Mtetea mweusi asiye na mistari amepandishwa na jogoo wa mistari, na vifaranga wote wana doa jeupe kichwani. Je, wote ni majogoo?

Yule mama wa Katwe sasa ana vifaranga watatu weupe, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wote ndugu. Pesa ya likelemba itamfikia tena mwezi wa tatu. Anunue nini?